Askofu Thomas Ken

Thomas Ken alizaliwa katika nchi ya Uingereza mwaka 1637. Alisoma shule ya Winchester, na baadaye akawatungia wanafunzi wa shule hiyo nyimbo za kumsifu Mungu asubuhi na jioni. Mwaka 1685 aliwekwa kuwa askofu wa Bath na Wells. Huko alikuwa akila pamoja na maskini 12 siku za Jumapili.

Mwaka 1688 Mfalme James wa Pili aliamuru tangazo lake la mambo ya dini lisomwe makanisani. Maaskofu saba, Ken akiwa mmoja wao, waliona kuwa amri hiyo ni kinyume cha sheria, wakamsihi mfalme awasamehe wasiifuate. Mfalme akaghadhibika, akawatia gerezani; lakini baraza la hukumu likawaona hawana hatia.

Mwaka huohuo James alikimbia nchi, na William akatawazwa mwaka 1689. Makasisi wakaamriwa kumwapia mfalme mpya. Lakini Ken alikuwa amekwisha kumwapia James, naye James alikuwa yu hai. Basi Ken akakataa kukivunja kiapo chake, ijapokuwa alimwapia mtu yuleyule aliyemfunga. Makasisi wapatao 400 walikataa vilevile.

Mwaka 1691 Ken akaondolewa katika uaskofu. Wenzake wengine walijitenga na Kanisa, wakajiwekea maaskofu wao; Ken hakupendezwa na mafarakano hayo. Alikaa kwa rafiki yake huko Longleat, hana cheo wala mali nyingi, hata akafa mwaka 1711. Akazikwa Frome, jua likichomoza.