MAISHA YA IBN AL-BAWWAB, MWANA WA BAWABU

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaneemesha waja wake kwa ilimu na kalamu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Amma baada ya hayo. Watu wengi wa pwani yetu husoma msahafu kila siku, wala hawaulizi herufi zile zilipataje sura yake nzuri, iliyo nyepesi kwa macho. Qurani waijua kwa masikio na kwa moyo, lakini mikono iliyoipanga katika karatasi hawaijui. Kijitabu hiki chataka kuwajulisha mtu mmoja wa Baghdadi, ambaye hakuwa mfalme wala waziri, wala hakuzaliwa katika nyumba ya mali, na juu ya hayo jina lake limedumu miaka elfu kwa sababu ya kalamu ya utete. Naye ni Abul-Hasan Ali bin Hilal, aliye maarufu kwa jina la Ibn al-Bawwab.

UKOO WAKE NA KAZI YAKE YA KWANZA

Neno bawabu sote twalijua, maana limo katika lugha yetu: ni mngoja mlango. Baba yake Ali alikuwa mngoja mlango katika Baghdadi, zama za watawala wa ukoo wa Buwayhi. Na kwa kuwa mngoja mlango husimama karibu na pazia, kijana aliitwa pia Ibn al-Sitri, yaani mwana wa pazia. Hayakuwa majina ya heshima kubwa, lakini ndiyo aliyojulikana nayo.

Hakuanza kwa kuandika. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupaka rangi na kutia nakshi katika nyumba za watu. Kisha akatoka katika kuta akaingia katika vitabu, akawa akitia dhahabu na mapambo katika kurasa zilizoandikwa na wengine. Mwisho ndipo akaishika kalamu mwenyewe. Mtu asidhani kuwa miaka ile ya kwanza ilipotea bure. Fundi wa nakshi hujifunza kupima kwa jicho, na hujifunza jambo zito kuliko kuchora, nalo ni kujua pahali pa kuacha peupe. Alipofika kwenye khati, mkono wake ulikuwa umekwisha kufundishwa na kuta.

Wala hakuwa fundi wa mkono mtupu. Aliihifadhi Qurani, akasoma nahau kwa Ibn Jinni, mwanachuoni mkubwa wa lugha aliyekufa mwaka 392 (1002), na akawa akiwaidhi watu katika msikiti wa jamii wa al-Mansur katika Baghdadi. Basi alipoandika aya, aliijua maana yake na irabu zake. Hii ndiyo tafauti baina yake na mnakili anayefuata mistari asiyoifahamu.

IBN MUQLA ALIYEMTANGULIA

Haiwezekani kumtaja Ibn al-Bawwab bila ya kumtaja Abu Ali Muhammad bin Muqla, aliyezaliwa Baghdadi mwaka 272 (886). Huyu alikuwa waziri mara tatu, kwa makhalifa watatu. Yeye ndiye aliyeiwekea khati kanuni ya vipimo: kalamu ikigandamizwa mara moja katika karatasi hutoa nukta ya pembe nne, na kwa nukta hizo hupimwa urefu wa alifu, kisha alifu hufanywa kipenyo cha duara, na herufi nyingine hupimwa kwa alifu na duara lile. Kabla yake kila mwandishi alikwenda kwa mazoea ya mkono wake. Baada yake khati ikawa na mizani.

Lakini siasa za mji zilimwangamiza. Mwaka 326 (938) alikatwa mkono wake wa kulia, mkono ule ule uliowafundisha watu kuandika, na mwaka 328 (940) alikufa gerezani. Ibn al-Bawwab hakumdiriki. Aliipata njia yake kwa wanafunzi wa wanafunzi, na mwalimu wake mkubwa alikuwa Muhammad bin Asad, aliyekufa mwaka 410 (1019). Kanuni aliipokea ikiwa sahihi lakini ina ukavu kidogo. Yeye akaizidishia ulaini, herufi zikawa zafuatana kwa utulivu kama watu katika safu ya sala.

KAZI YAKE YA KILA SIKU

Baadhi ya watu hufikiri kuwa sanaa humshukia mtu ghafla, yeye amekaa tu akingoja. Ibn al-Bawwab ametuachia kasida yake yenye kina cha herufi ra, ambayo Ibn Khaldun aliiingiza katika Mukaddima yake, nayo haisemi habari za kungoja. Yasema habari za kisu, wino na karatasi.

Amwambia mwanafunzi achague utete ulionyoka na ulio mgumu, atazame ncha zake mbili, akate upande ulio mwembamba. Mkato uwe wa kiasi, usiwe mrefu wala mfupi, na ufa wa ncha upite katikati ili pande zote mbili ziwe sawa. Siri ya mkato wa mwisho aificha, kama wafanyavyo mafundi wote, ila adokeza tu kuwa haukulala sana wala haukuviringana. Wino autaka wa masizi, yatiwe siki au maji ya zabibu mbichi, kisha uongezwe udongo mwekundu na madini ya manjano yaliyopondwa pamoja na kafuri. Karatasi aitaka safi na laini, ikatwe, kisha ibanwe mpaka ikae sawasawa.

Baada ya hayo ndipo anapofika kwenye lililo gumu. Amwamuru mwanafunzi aanzie katika ubao, naye awe na azma na subira, wala asione haya kwa ubaya wa mistari yake ya mwanzo, kwani jambo huwa zito kisha hurahisika. Sisi tulio walimu wa vyuoni twaujua ubao huo. Mtoto huandika, huosha, huandika tena. Mtu huyu, ambaye khati yake ilisifiwa katika nchi zote za Kiislamu, hakuona njia nyingine ila hiyo hiyo ya mtoto wa chuoni. Na mwisho wa kasida amkumbusha mwandishi kuwa vidole vyake visiandike ila la kheri, maana siku ya Kiyama kila mtu atayakuta aliyoyatenda.

JUZUU ILIYOPOTEA

Kisa chake kilicho mashuhuri kilitokea Shiraz, alipokuwa mtunza hazina ya vitabu ya sultani Baha al-Dawla. Siku moja aliona miongoni mwa vitabu juzuu moja iliyoandikwa kwa mkono wa Ibn Muqla. Akaitafuta na ya pili na ya tatu, zote zimetawanyika, mpaka akakusanya ishirini na tisa. Moja ya kutimiza thalathini hakuiona, ingawa aliipekua hazina yote.

Akamweleza sultani, wakaafikiana kuwa yeye ataiandika iliyopungua, na sultani asipoweza kuitambua atampa dinari 100 na vazi la heshima. Ibn al-Bawwab akatafuta katika hazina karatasi kuukuu mfano wa ile ya msahafu, akaandika, akatia dhahabu na kuifubaza ionekane ya zamani. Kisha akavua jalada la juzuu moja ya kale akaivika ile mpya, na ile ya kale akaitengenezea jalada jingine alilolichakaza. Ulipopita muda wa kama mwaka, sultani akakumbuka, akaletewa juzuu zote thalathini. Akazipitia moja moja, akashindwa. Wakaafikiana siri ibaki baina yao, na sultani akauweka msahafu ule karibu na kichwa cha kitanda chake.

Huenda msomaji akauliza: je, hii si ghushi? Jawabu ni kuwa ghushi iliyoharamishwa ni ya kumficha mnunuzi aibu ya kitu, na hapa mwenye mali alijua tangu mwanzo, tena yeye mwenyewe ndiye aliyekubali jaribio. Walakini kuna khatari ndani yake, nayo ni kuwa baada ya wawili hao kufa mtu mwingine angalidanganyika. Ndiyo maana ni kheri kuwa kisa hakikuzikwa: Ibn al-Bawwab mwenyewe alikisimulia, kikafika vitabuni.

Na linalotuhusu zaidi ni ule ujira. Sultani aliahidi, kisha akawa akiahirisha. Leo huambiwa kesho. Ibn al-Bawwab alipochoka kudai, alimwomba kitu kingine badala ya dinari na vazi: vipande vya karatasi nyeupe, ya Kichina na ya zamani, vilivyokatwakatwa na kuachwa katika hazina. Sultani akampa bila ya uzito, maana machoni pake vilikuwa takataka. Fundi akavichukua, akaandika juu yake kwa miaka. Dinari 100 zingalikwisha, na vazi lingalichakaa. Vipande vile vilikuwa kazi.

MSAHAFU WA MWAKA 391

Yasemekana aliandika misahafu 64. Uliothubutu kuwa ni wake na uliosalia mpaka zama zetu ni mmoja, nao umehifadhiwa katika maktaba ya Chester Beatty, mji wa Dublin, nchi ya Ireland. Una karatasi 286, na urefu wake hautimii shubiri moja. Kila ukurasa una mistari kumi na mitano ya khati ya naskhi, na kurasa za mwanzo na za mwisho zimepambwa kwa nakshi na dhahabu. Mwishoni ameandika kuwa ni kazi ya Ali bin Hilal, katika Madinatu-s-Salam, ndiyo Baghdadi, mwaka 391 (1000–1001). Katika juzuu ya Shiraz aliuficha mkono wake nyuma ya mkono wa mwingine. Hapa aliweka jina lake mwenyewe.

KUFA KWAKE NA THAMANI YA KHATI YAKE

Alirejea Baghdadi, akawa mwandani wa waziri Fakhr al-Mulk. Akafa huko mwaka 413 (1022), akazikwa karibu na kaburi la Imam Ahmad bin Hanbal, Mwenyezi Mungu awarehemu.

Katika uhai wake khati yake haikupata bei iliyoipata baadaye. Yaqut al-Hamawi asimulia khabari ya barua yake moja ya mistari kama sabini, aliyomwandikia mtu kwa haja ndogo isiyokuwa na thamani, nayo ilikuja kuuzwa kwa dinari 17, kisha 25. Mwenyewe hakuiona hata moja katika dinari hizo. Njia yake iliendelea kwa mafundi waliomfuata, miongoni mwao bibi Shuhda wa Baghdadi, aliyekufa mwaka 574 (1178), mpaka ikamfikia Yaqut al-Mustasimi, aliyekufa mwaka 698 (1298). Na wazee wetu wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walionakili misahafu kwa mkono na kuitia nakshi katika karne ya 18 na ya 19, walikuwa wakitumika katika uwanja ule ule, ingawa mikono yao ilikuwa na namna yake.

FAIDA YA KISA HIKI

Ndugu zangu, leo baba humwona mwanawe ana mkono wa kuchora, kuchonga, kushona kofia au kufunga majalada, akamkataza kwa kuona kuwa ni kazi duni, au kwa kuwa haileti fedha upesi. Naye akimwacha, kijana mwenyewe hufanya mwezi mmoja, akaona mistari yake mibaya, akaacha. Mwana wa bawabu alianza kwa rangi za kuta. Alinyimwa ujira aliouahidiwa, akaomba vipande vya karatasi ili asikatishe kazi. Basi mpeni kijana ubao na kisu na wino, na mumwache aoshe na kuandika tena.

Ewe Mola, mrehemu Ali bin Hilal na walimu wake, na ujaalie mikono yetu isiandike ila la kheri. Amin.