Mfahamu Mtunzi wa Haleluya: George Frideric Handel (1685–1759)

Wimbo wa mwisho katika ratiba ya leo ni Haleluya. Kwaya nyingi za hapa Eastlands, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Buruburu na Kayole, zinaujua, lakini aliyeutunga anajulikana na wachache. Kwa ajili ya jubilii hii tumeona vyema tumweleze kwa ufupi.

Handel alizaliwa tarehe 23 Februari 1685 mjini Halle, Ujerumani. Babake alikuwa kinyozi na mpasuaji, na alitaka mwanawe asomee sheria, maana hakuamini kwamba muziki unaweza kumlisha mtu. Wengi wetu tumewahi kuambiwa hivyo nyumbani. Hata hivyo, kijana alifunzwa na Zachow, mpiga kinanda wa kanisa, na mwaka 1702 akawa yeye mwenyewe mpiga kinanda wa kanisa mjini humo. Mwaka uliofuata alihamia Hamburg, kisha akaenda Italia. Mwaka 1707, akiwa Roma, alitunga Zaburi ya 110 kwa Kilatini, kazi ambayo hadi leo huwatoa waimbaji jasho. Hatimaye alifanya makao yake London, na mwaka 1727 akawa raia wa Uingereza.

Huko alisifika kwa opera. Lakini mwaka 1737 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi. Alipona, ila watu walianza kuchoka na opera, na ile ya mwisho, mwaka 1741, ilionyeshwa mara 3 tu. Agosti ya mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 56, alichukua maneno ya Biblia yaliyopangwa na Charles Jennens, akatunga Messiah yote kwa siku 24. Haleluya ni wimbo mmoja tu kati ya nyimbo zake, na huchukua kama dakika 4.

Wengi huufikiria kuwa wimbo wa Krismasi. Handel aliuweka mwisho wa sehemu ya pili, baada ya mateso na ufufuo wa Bwana. Wimbo unaoutangulia ni wa tenor peke yake, katika A maina, wenye ukali. Baada yake inaingia D meja, na hapo huzuni yote huondoka. Ufunguo huo una sababu. Tarumbeta za wakati ule hazikuwa na vitufe. Kila moja ilikaa katika ufunguo wake, na Uingereza zilizozoeleka zilikuwa za D. Anayetaka tarumbeta, doh yake ni D. Ngoma nazo Handel alizificha: katika Messiah nzima zinalia katika Haleluya na katika wimbo wa kufungia tu.

Soprano wetu wanaposema wimbo uko juu, wana haki kidogo. Uma wa chuma wa kupimia sauti unaohusishwa na Handel umehifadhiwa hadi leo, nao hutoa A ya mitetemo 422.5 kwa sekunde. A yetu ni 440. Yaani tunaimba juu zaidi kuliko wao, karibu nusu toni.

Kuhusu mwendo, Handel aliandika Allegro, neno la Kiitaliano lenye maana ya uchangamfu. Si amri ya kukimbia. Ukiukimbiza, maneno yanamezwa. Ukiuburuta, unageuka wimbo wa mazishi. Katikati, panapotajwa ufalme wa dunia hii, sauti zinashuka na kutulia kama tenzi. Kisha besi wanaanzisha wazo jipya, tenor wanalipokea, halafu alto, halafu soprano. Hapo kila sauti isikilize mwenzake.

Messiah iliimbwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, karibu na Pasaka, na kwaya ndogo ya watu wa makanisa makuu mawili. Mapato yalikwenda kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni. Inasemwa watu 142 walilipiwa wakatoka jela. Kuanzia mwaka 1750 Handel aliiimbisha kila mwaka kusaidia makao ya watoto waliotupwa, Foundling Hospital, London.

Lipo na jambo zito, na hatukuona haki kuliacha nje ya kijitabu hiki. Handel aliwahi kuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni iliyouza Waafrika utumwani. Aliyefungua jela za Dublin aliwekeza pia katika minyororo ya watu wetu. Wimbo humtaja mfalme mmoja tu wa milele, na mfalme huyo si Handel. Tunauimba kwa sababu ya huyo anayetajwa.

Miaka ya mwisho Handel alipofuka, lakini aliendelea kupiga kinanda. Alisikiliza Messiah mara ya mwisho tarehe 6 Aprili 1759. Alifariki siku nane baadaye, Jumamosi ya mkesha wa Pasaka, akazikwa Westminster Abbey.

Kuhusu kusimama: husimuliwa kwamba Mfalme George wa Pili alisimama alipousikia wimbo huu. Habari hiyo iliandikwa zaidi ya miaka 20 baada ya Handel kufa, na hakuna ushahidi wa wakati ule kwamba mfalme alikuwepo. Asimame anayependa, na mzee mwenye magoti mabovu akae kwa amani.

Ombi letu ni moja. Karibu na mwisho, baada ya haleluya nyingi za haraka, tutanyamaza ghafla. Wimbo haujaisha. Makofi na vigelegele vingoje, kwa maana baada ya kimya hicho linakuja neno hilohilo mara moja tu, polepole, kwa sauti zote nne.