Sokoine: Alirudi kipindi cha pili, hakumaliza dakika 90

Siku ya mechi jijini Mbeya, shabiki wa Iyunga anaanzia barabarani, kwenye njia kuu ya kwenda Tunduma. Stesheni ya TAZARA iko hapo hapo Iyunga. Konda anaita abiria wa mjini, shabiki anapanda daladala, analipa nauli, anashuka, anakata tiketi na kuingia Uwanja wa Sokoine kuitazama Mbeya City au Prisons. Jina la uwanja analo mdomoni kila wiki. Mwenye jina alifariki kabla wengi wanaojaza jukwaa hawajazaliwa, na ukichunguza, katika safari hiyo fupi shabiki wetu amekutana naye mara tatu.

Edward Moringe Sokoine hakupewa uwanja kwa sababu ya kandanda. Alizaliwa Agosti 1, 1938 huko Monduli, zama ambazo watoto wa Kimaasai waliokaa darasani walikuwa wa kuhesabu. Yeye alisoma Monduli, akaenda Umbwe, Kilimanjaro, na akamaliza shule mwaka 1958. Mwaka 1961 alijiunga na TANU. Mwaka uliofuata akaenda Ujerumani kusomea utawala, akarudi 1963 kufanya kazi ya utendaji katika wilaya yao ya Masai. Kisha akagombea ubunge na akashinda. Hakuwa amefika hata miaka 30.

Mwaka 1967 alikuwa naibu waziri, na wizara yake ndiyo iliyobeba mawasiliano na uchukuzi. Septemba mwaka huo Tanzania, Zambia na China zilisaini mkataba wa kujenga reli, ile ile yenye stesheni Iyunga. Reli ilikuwa lengo la Mwalimu Nyerere na Kaunda baada ya wakubwa wa Magharibi kukataa kutoa hela, kwa hiyo si haki kumpa Sokoine sifa hiyo peke yake. Ila alikuwa kikosini.

Mwaka 1972 alipewa Ulinzi. Februari 13, 1977, wiki moja tu baada ya CCM kuzaliwa, akawa Waziri Mkuu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Wapenzi wa soka wanaukumbuka mwaka huo kwa jambo jingine pia: Agosti, huko Ndola, Peter Tino aliifungia Taifa Stars bao la sare ya 1-1 dhidi ya Zambia, na nchi ikapata tiketi ya Lagos 1980. Tulisubiri hadi 2019 kuiona tena AFCON.

Vita viliondoka na hazina. Novemba 1980 Sokoine akapumzika uwaziri mkuu kwa sababu za afya. Wengi wakadhani mechi yake imeisha.

Februari 24, 1983 Nyerere akamrudisha. Hali aliyoikuta wazee wanaijua: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya unga, na mara nyingine ukifika dirishani unaambiwa mzigo umeisha. Lengo lake lilikuwa moja na kila mwananchi alilielewa, bidhaa zirudi madukani. Akaanza na walanguzi. Msako wa wahujumu uchumi ukapita nchi nzima, zaidi ya watu 1,000 wakakamatwa, sheria maalumu ikapitishwa na mahakama yake ikaundwa. Kuna waliotupa mali porini usiku ili wasikutwe nayo. Mtaani watu walishangilia, kwa sababu hatimaye wakubwa nao waliguswa.

Lakini ukweli usemwe. Msako uliwazoa na wadogo, wapo waliokaa ndani bila kesi ya maana, na rafu za maduka hazikujaa. Zingine zilizidi kuwa tupu, maana aliyebaki na mzigo aliogopa hata kuutoa nje. Kama angekuwa kocha, angeambiwa anashambulia sana bila kufunga.

Hapo ndipo kuna sehemu ya Sokoine isiyosimuliwa sana. Mwaka huo huo wa 1983 serikali yake ilikubali jambo ambalo kwa siasa ya Ujamaa lilikuwa zito kumeza. Dar es Salaam, mabasi ya UDA yalikuwa machache mno, na magari ya watu binafsi yalibeba abiria kwa kukimbizana na polisi. Badala ya kuendelea kuyakamata, yakaruhusiwa kufanya kazi kwa leseni. Nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu ambayo watu waliiita dala, na jina daladala likaenea hadi Mbeya. Mtu yule yule aliyewafunga walanguzi ndiye aliyemfungulia njia mwenye gari. Hakubadilisha lengo, alibadilisha mbinu.

Alhamisi, Aprili 12, 1984, alikuwa akirudi Dar es Salaam kutoka Dodoma kwenye kikao cha Bunge. Dakawa, mkoani Morogoro, gari lake liligongana na gari jingine. Alikuwa na miaka 45, na hakuwa ametimiza miezi 14 tangu arudi. Jioni Nyerere alitangaza msiba redioni, sauti imejaa majonzi. Watu wengi walikuwa wameshamhesabu Sokoine kuwa ndiye atakayepokea nchi Mwalimu akistaafu.

Juni mwaka huo, miezi miwili baada ya msiba, bajeti ya serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje bila kuulizwa sana alikozipata. Mzigo ukaanza kuingia, sabuni na nguo zikaonekana tena madukani, foleni zikapungua. Sokoine alikuwa ameshazikwa Monduli Juu.