Jenerali China: Askari Aliyerudi Mikono Mitupu

Waruhiu Itote alizaliwa mwaka 1922 katika eneo la Nyeri. Historia humkumbuka zaidi kwa jina la Jenerali China, kiongozi wa Mau Mau katika msitu wa Mlima Kenya. Aghalabu husahaulika kwamba kabla ya kupigana na Waingereza aliwahi kuwapigania.

Mwaka 1942 alijiunga na King's African Rifles, jeshi ambamo Kiswahili kiliwaunganisha askari wa makabila mbalimbali. Alipelekwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, kisha Burma kupambana na Wajapani. Huko alizungumza na askari wa mataifa mengine, akaanza kujiuliza alikuwa akiipigania nchi ya nani.

Vita vilimalizika mwaka 1945. Uingereza ilikuwa imekwisha kutunga sheria, mwaka 1944, iliyomlazimu mwajiri kumrudisha kazini mfanyakazi aliyekwenda vitani. Hapa Kenya, Wazungu waliotoka jeshini waliandaliwa mpango wa kupata mashamba. Askari Mwafrika hakutengewa ardhi, na kiinua mgongo chake kilikuwa duni mno kikilinganishwa na cha Mzungu. Itote aliishia kuchochea moto wa garimoshi katika shirika la reli.

Pato hilo halikulingana na jasho alilomwaga. Alijiunga na chama cha KAU, akala kiapo, kisha akaingia msituni. Mbinu alizofunzwa na Waingereza sasa alizitumia dhidi yao. Januari 1954 alitekwa akiwa amejeruhiwa, akahukumiwa kunyongwa. Adhabu hiyo ilibadilishwa kuwa kifungo baada ya yeye kukubali kusaidia mazungumzo ya kuwashawishi wapiganaji wajisalimishe, hatua iliyozua lawama kwa baadhi ya wenzake. Huko Lokitaung alifungwa pamoja na Jomo Kenyatta, aliyemfundisha Kiingereza. Aliachiliwa mwaka 1962.

Baada ya uhuru, Itote alikuwa miongoni mwa viongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964 ili kuwapa vijana nidhamu, ujuzi na kazi. Mtu aliyerudi vitani bila ajira ya maana akawa mlezi wa wasio na ajira. Alifariki mwaka 1993.

Maisha yake yanatufunza kwamba haki ya askari haikomi anapovua sare. Taifa linalomtupa mlinzi wake humwachia kinyongo, na ujuzi wa vita haumtoki.