Padre Giuseppe Mercalli: Kasisi Aliyepima Makali ya Matetemeko ya Ardhi

Wapo makasisi tunaowakumbuka kwa mahubiri yao, na wapo waliomtukuza Mwenyezi Mungu kwa kuchunguza kazi ya mikono yake. Miongoni mwa hao wa pili tunamweka Padre Giuseppe Mercalli wa Italia. Jina lake hutajwa hata leo ardhi inapotetemeka, ingawa wengi wanaolitaja hawajui kwamba alikuwa padre.

Alizaliwa Milano tarehe 21 Mei 1850. Alipokea daraja takatifu ya upadre mwaka 1872, na mwalimu wake katika elimu ya miamba alikuwa Padre Antonio Stoppani, mwanajiolojia mashuhuri. Baadaye yeye mwenyewe alifundisha sayansi katika seminari ya Monza.

Miaka ile ilikuwa ya majonzi. Tarehe 28 Julai 1883 mji wa Casamicciola, katika kisiwa cha Ischia, uliporomoka na kuua watu zaidi ya 2,300. Siku ya Noeli mwaka 1884 tetemeko liliangamiza vijiji vya Andalusia, Hispania. Kisha, asubuhi ya Jumatano ya Majivu, tarehe 23 Februari 1887, ikawa zamu ya Liguria. Katika kijiji cha Bajardo paa la kanisa liliwaangukia waamini waliokuwa wamekusanyika kuanza Kwaresima, na zaidi ya 200 wakafa.

Mbele ya msiba wa namna hiyo, moyo wa mwamini huuliza: je, hao walikuwa na dhambi kuliko wengine? Bwana wetu alikwisha kulikataa wazo hilo aliposema juu ya watu walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Padre Mercalli alikwenda kwenye magofu. Pamoja na mwenzake Torquato Taramelli alisafiri hadi Andalusia, na baadaye wakaandika juu ya tetemeko la Liguria. Walichunguza kuta zilizoanguka na zilizosimama, na aina ya ardhi iliyokuwa chini yake. Maana tetemeko moja laweza kubomoa nyumba hii na kuiacha jirani yake, kwa sababu ya udongo na ujenzi.

Kutokana na kazi hiyo ndefu alitoa, mwaka 1902, kipimo chenye daraja 10. Daraja ya kwanza hutambuliwa na mitambo pekee. Katika daraja za kati watu hukimbilia nje kwa hofu na lipu hubanduka. Ya kumi ni maangamizi makubwa. Wataalamu waliomfuata walikipanua hadi daraja 12. Kipimo hiki hakitaji nguvu iliyotoka kwenye chanzo cha tetemeko; hutaja yale yaliyowapata watu na makazi yao mahali walipo. Ndiyo maana tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa mmoja, lakini makali yake yalitofautiana kati ya Bukoba na miji ya mbali.

Huko Napoli alifundisha katika shule ya sekondari, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Giuseppe Moscati, tabibu ambaye leo twamheshimu kama mtakatifu. Tetemeko la Messina la tarehe 28 Desemba 1908, sikukuu ya Watoto Mashahidi, lilipoua makumi ya maelfu, alikuwa tena miongoni mwa waliolichunguza. Mwaka 1911 alikabidhiwa uongozi wa kituo cha kuchunguza volkeno ya Vesuvius, kilichoanzishwa mwaka 1841.

Aliaga dunia tarehe 19 Machi 1914, kwa moto uliozuka usiku chumbani mwake mjini Napoli. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, somo wake.

Wapendwa, maisha haya yanatufundisha kwamba sala kwa ajili ya marehemu na uchunguzi wa kilichowaua si mambo yanayopingana. Tunapojenga kanisa, shule au zahanati, tusione shida kumwita fundi mwenye ujuzi, kuupima udongo na kuimarisha msingi. Kulinda uhai wa jirani kabla ya janga nako ni tendo la huruma.