Gunpei Yokoi, fundi wa mashine za karata aliyeuweka mchezo wa video mfukoni

Mtu yeyote aliyewahi kushika manete ya mchezo wa video anakijua kile kitufe chenye umbo la msalaba kinachokaa upande wa kushoto. Dole gumba linakibonyeza, na mchezaji anapanda, anashuka, anaenda kuume ao kushoto. Wachache tu wanalijua jina la aliyekibuni.

Ni Gunpei Yokoi, Mjapani aliyeingia katika kampuni ya Nintendo kama fundi wa kutunza mashine, kisha akawa kiongozi wa idara ya utafiti iliyotengeneza Game Boy. Alikufa tarehe 4 Oktoba 1997, akiwa na umri wa miaka 56. Katika miaka zaidi ya 30 aliyofanya kazi hapo, alishika sana wazo moja: vifaa vya zamani, vya bei nafuu na vinavyojulikana vizuri, vinaweza kutoa kitu kipya kama mtu akivitafutia kazi ambayo hakuna mwingine aliyeifikiria.

Mkono wa mbao

Yokoi alizaliwa tarehe 10 Septemba 1941 katika muji wa Kyoto. Alisomea mambo ya umeme katika Chuo Kikuu cha Doshisha, katika muji huohuo. Mwaka wa 1965 alipata kazi katika Nintendo.

Wakati ule Nintendo haikuwa na mchezo wa video hata mmoja. Ilikuwa kampuni ya familia iliyoanzishwa mwaka wa 1889, na kazi yake ilikuwa kutengeneza karata. Kazi ya Yokoi ilikuwa kuangalia kama mashine za kiwanda zinatembea vizuri. Zilipotembea bila shida, alibaki na muda mwingi bila la kufanya.

Katika muda huo alijitengenezea kichezeo cha kujifurahisha: vipande vya mbao vilivyopishana kama mkasi. Ukikaza mikono, vilirefuka na kwenda kushika kitu kilicho mbali. Mkuu wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, alimukuta akikichezea saa za kazi. Alipoitwa ofisini, kijana huyo alijua amekwenda kukaripiwa. Badala yake, Yamauchi alimuagiza ageuze kile kichezeo kuwa bidhaa ya kuuza.

Kikaitwa Ultra Hand, kikatoka mwaka wa 1966, na zaidi ya milioni moja vikauzwa. Toka siku hiyo Yokoi hakurudi tena kwenye mashine za karata. Kampuni ilikuwa imempata mtu wa kubuni vitu, na idara yake ya utafiti ilianza kujengwa juu ya kazi yake.

Faida na hasara

Mwaka wa 1969 alitoa Love Tester, mashine ndogo iliyodai kupima mapendo. Kijana na binti walishikana mikono, kila mmoja akashika na kipande cha chuma, kisha mshale ukaonyesha namba. Kwa ukweli ilipima tu umeme mdogo unaopita katika miili yao. Ufundi wake ulikuwa wa kawaida kabisa. Watu walinunua ile nafasi ya kushikana mikono.

Kisha ikaja michezo ya bunduki za mwanga, iliyotumia vifaa vya kupokea mwanga kutoka kampuni ya Sharp. Mwaka wa 1973 Nintendo iliukuza mchezo huo na kuupeleka katika kumbi kubwa zilizokuwa za bowling. Mwaka huohuo bei ya petroli ilipanda dunia nzima, wateja wakafuta maagizo yao, na kampuni ikabaki na deni kubwa. Yokoi alijionea ginsi wazo linalopendwa linavyoweza kuangushwa na gharama.

Abiria ndani ya treni

Kufuatana na maelezo yake mwenyewe, wazo lililobadilisha maisha yake lilitoka safarini. Katika treni ya mwendo kasi, alimuona mfanyakazi mmoja aliyechoka akibonyezabonyeza mashine ndogo ya kuhesabu ili kupitisha wakati. Yokoi akajiuliza kama mtu mzima hawezi kupewa mchezo mdogo wa kuchezea mkononi bila kuonwa na wengine.

Siku moja dereva wa Yamauchi alikosekana, na Yokoi akaombwa aendeshe gari la mkuu. Njiani akamusimulia wazo hilo. Yamauchi hakuonyesha dalili yoyote ya kulipenda. Lakini katika mkutano aliokuwa anaenda, aliketi karibu na mkuu wa Sharp na akaligusia. Baada ya siku chache, watu wa Sharp walifika Nintendo. Viwanda vya mashine za kuhesabu vilikuwa katika vita kali ya bei, na Sharp ilihitaji kazi mpya kwa vioo vyake vidogo.

Ndipo Game & Watch ikazaliwa, mwezi wa nne 1980: mchezo mmoja pamoja na saa, katika kifaa kinachoingia mfukoni. Ilitumia kioo na sehemu za ndani za mashine ya kuhesabu, vitu ambavyo bei yake ilikuwa imekwisha kuanguka. Zaidi ya milioni 43 ziliuzwa duniani.

Mwaka wa 1982, Yokoi alitaka kuweka mchezo wa Donkey Kong katika Game & Watch inayokunjwa kama kitabu. Mti wa kuongozea, kama ule wa mashine kubwa za kumbini, ungezuia kifaa kufungwa. Akautengenezea mbadala: kitufe bapa chenye umbo la msalaba. Mwaka uliofuata kiliwekwa kwenye manete za Famicom, mashine ya nyumbani ya Nintendo, kisha makampuni mengine yakafuata njia hiyo.

Idara ya kwanza

Nintendo ilikuwa imegawanya watafiti wake katika idara mbalimbali. Ya kwanza, iliyoitwa R&D1, iliongozwa na Yokoi. Idara hiyo ilitengeneza mashine na michezo vilevile, jambo lililowapa watu wake uhuru mkubwa.

Yokoi alisimamia kazi ya kijana Shigeru Miyamoto alipounda Donkey Kong mwaka wa 1981, mchezo ambao ndani yake mtu tunayemuita leo Mario alionekana mara ya kwanza. Mwaka wa 1986 idara yake ilitoa Metroid, na mwishoni mchezaji alishangaa kuona kwamba askari aliyefichwa ndani ya vazi la chuma ni mwanamke.

Lakini kazi kubwa ya R&D1 ni Game Boy, iliyotoka Japani tarehe 21 Aprili 1989. Yokoi na mwenzake Satoru Okada walichagua kioo kisicho na rangi wala taa ya ndani. Ndani ya kampuni kulikuwa na watu waliodharau kifaa hicho. Makampuni mengine yalitoa mashine zenye rangi nzuri: Atari ilitoa Lynx mwaka huohuo, na Sega ikatoa Game Gear mwaka wa 1990.

Game Gear ilikula pile sita katika saa chache tu. Game Boy ilitumia pile nne, na ziliweza kupita saa kumi. Ilikuwa ngumu, ilivumilia kuanguka, na bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 90. Kwa mtoto anayesafiri, ao mzazi anayenunua pile kila wiki, rangi haikuwa swali la kwanza. Pamoja na Game Boy Color iliyofuata mwaka wa 1998, zaidi ya milioni 118 ziliuzwa.

Kioo chekundu

Mwaka wa 1995 Yokoi alitoa Virtual Boy, mashine ya kutazama kwa macho mawili, picha zikionekana kama zina kina. Hapa pia alichagua kitu cha bei nafuu: taa ndogo nyekundu zisizokula umeme mwingi. Lakini mchezaji alilazimika kuinama na kuweka uso ndani ya kifaa kilichosimama mezani, huku akiona wekundu na weusi tu. Wengi walilalamika kuumwa na kichwa na macho. Ziliuzwa chini ya milioni moja, na kampuni ikaiacha kabla ya mwaka mmoja kupita.

Watu wengi walisema Yokoi aliondoka kwa aibu ya Virtual Boy. Yeye alikataa maneno hayo, akieleza kuwa tangu zamani alikuwa amepanga kujitegemea atakapofikia umri huo. Kabla ya kuondoka alimaliza Game Boy Pocket, iliyokuwa ndogo na nyepesi zaidi. Aliaga mwezi wa nane 1996 na akafungua kampuni yake, Koto, katika muji wa Kyoto.

Hakupata muda mrefu. Tarehe 4 Oktoba 1997, katika jimbo la Ishikawa, gari alilopanda pamoja na mwenzake liligonga gari lingine kwenye barabara kuu. Yokoi alishuka ili aangalie uharibifu. Gari lililokuwa linapita likamugonga, na akafa.

Kifaa cha mwisho alichokifanyia kazi, WonderSwan, kilitolewa na kampuni ya Bandai mwaka wa 1999. Kilihitaji pile moja tu.

Kilichobaki

Katikati ya miaka ya 2000, mkuu mpya wa Nintendo, Satoru Iwata, alipanga upya idara za kampuni, na R&D1 ikavunjwa. Mwaka wa 2003 watengenezaji wa michezo ya video walikuwa wamempa Yokoi tuzo la heshima kwa kazi ya maisha yake yote, miaka sita baada ya kifo chake.

Mwezi wa kumi 2024, Nintendo ilifungua makumbusho yake huko Uji, karibu na Kyoto, katika jengo lililokuwa kiwanda chake. Kati ya michezo inayotolewa kwa wageni kuna ule mkono wa kurefuka. Fundi wa miaka 24 aliyedhani amekwenda kukaripiwa ndiye aliyeutengeneza, kwa vipande vya mbao.