ZÉLIE MARTIN: ALIRUDI BILA MUUJIZA, LAKINI ALILETA TUMAINI NYUMBANI



Ni nyumba ngapi ambamo mume na mke wameomba jambo moja kwa miaka mingi bila kulipata? Wengine wanaomba mtoto, wengine kazi, wengine afya ya mgonjwa wao. Novena zinakwisha, Misa zinasomwa, na hali inabaki ile ile. Hapo ndipo nyumba huingiwa na ukimya, kila mmoja akibeba huzuni yake peke yake. Leo tuangalie maisha ya mama mmoja aliyepita njia hiyo.

Wengi wetu twamfahamu Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu, msimamizi wa misioni. Lakini mama aliyemzaa, Zélie Guérin, hafahamiki sana. Alizaliwa tarehe 23 Desemba 1831 katika eneo la Normandy, Ufaransa. Ujanani alitamani kuwa sista wa kuhudumia wagonjwa, lakini mkuu wa masista alimkatalia. Akajifunza kufuma lesi, ile nakshi nyembamba ya nyuzi inayopamba nguo, akafungua biashara yake mwenyewe mjini Alençon.

Katika mji huo huo aliishi fundi wa saa aitwaye Louis Martin. Yeye naye alikuwa ametaka utawa, akarudishwa kwa sababu hakujua Kilatini. Wawili hawa wakakutana mwaka wa 1858, na tarehe 13 Julai mwaka huo wakafunga ndoa usiku wa manane. Basi, ndoa yao iliunganisha watu wawili ambao mlango wa kwanza waliobisha haukufunguliwa.

Maisha yao yalikuwa ya kazi. Walianza siku kwa Misa ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, kisha Zélie akashika sindano, mara nyingi mpaka usiku. Mwaka wa 1870 Louis aliuza duka lake la saa ili amsaidie mkewe katika biashara ya lesi. Hakuona kwamba heshima yake imepungua kwa kuwa kazi ya mke ndiyo iliyostawi zaidi.

Mungu aliwajalia watoto tisa. Lakini kati ya mwaka wa 1867 na 1870 walizika wanne: wavulana wawili wachanga, kisha Hélène aliyekuwa na miaka mitano, na mwisho kichanga cha kike ambacho hakikutimiza miezi miwili. Zélie alilia machozi mengi, wala hakuona aibu kueleza uchungu wake katika barua alizowaandikia jamaa zake. Watu fulani walipomwambia kwamba ingekuwa heri kama asingewazaa kabisa, hakukubali maneno hayo. Aliamini kwamba watoto wake wako kwa Mungu, na kwamba atawaona tena.

Hata miongoni mwa waliobaki, Léonie alimsumbua sana moyo. Alikuwa mtoto mgumu, na shule ilimrudisha nyumbani zaidi ya mara moja. Mwaka wa 1877 ndipo ilipogunduliwa kwamba mtumishi wa nyumbani alikuwa akimtisha kwa siri. Mama akamvuta Léonie karibu naye, na mtoto akaanza kubadilika. Lakini muda ulikuwa mfupi, kwa maana Zélie mwenyewe alikuwa mgonjwa. Mwishoni mwa 1876 daktari alikuwa amemwambia kwamba uvimbe wa titi lake ni kansa, na kwamba wakati wa kuupasua ulikuwa umekwisha kupita.

Mwezi wa Juni 1877 alikwenda Lourdes kuhiji pamoja na mabinti zake watatu wakubwa. Safari ilikuwa ya taabu tupu. Aliingia katika maji ya pale mara nne, naye hakupona. Nyumbani, Louis alingoja habari njema siku baada ya siku bila kupata neno.

Mke aliporudi, Louis alishangaa kumwona mchangamfu kana kwamba amepata alichokwenda kuomba. Zélie alijua vizuri kwamba anakufa, na alihofia Léonie atabaki na nani. Lakini hakutaka kuirudisha huzuni mlangoni pa nyumba yake. Moyo wa mumewe ukapata nguvu, na furaha ikarudi kwa watoto. Muujiza wa mwili haukuja, ila nyumba ilipata tumaini.

Alifariki tarehe 28 Agosti 1877, akiwa na umri wa miaka 45. Tereza alikuwa na miaka minne tu. Louis akahamia Lisieux na mabinti watano, karibu na kaka yake Zélie. Wanne wakawa watawa wa Karmeli mjini humo. Na yule Léonie? Alijaribu utawa mara kadhaa akashindwa, lakini mwaka wa 1899 alipokelewa na masista wa Visitasio huko Caen, akadumu mpaka kufa mwaka wa 1941. Louis alifariki 1894 baada ya ugonjwa mrefu. Tarehe 18 Oktoba 2015, Papa Fransisko aliwatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu kwa pamoja, mume na mke.

Wapendwa, tumaini la Kikristo si kujifanya hatuumii. Zélie alilia, akaandika, akasema. Ila alijua pia kwamba uso wake ukifika nyumbani, mwenzake atausoma. Jioni ya leo, mmoja wenu akirudi mikono mitupu, mwenzake asimpokee kwa lawama. Ketini, ambianeni ukweli, salini hata kama ni Baba Yetu moja tu, kisha mle pamoja. Kesho, anayeanguka atakuwa mwingine, nawe utakuwa zamu yako ya kumwinua.

Ya kuzungumzia wawili:
1. Ni jambo gani tumeliomba bila kulipata, na je, tumewahi kuambiana jinsi linavyotuumiza?
2. Mwenzangu huona nini usoni pangu ninapoingia nyumbani?
3. Ni nani katika watoto wetu anayehitaji kuvutwa karibu?